Nani Atakuja Wiki Hii? Walezi wa Wazee Wanaosahau, Mpaka wa Busia na Tororo Mwaka 2020

Zamu ya kuandika historia imetuangukia sisi, na kama kawaida tulibishana kwanza. Wengine walitaka tuandike jinsi shule zilivyofungwa wakati wa korona, wengine mgao wa chakula ulivyokatwa. Hayo mtayapata humu ndani. Lakini tukakubaliana kuandika jambo ambalo hatujaona mtu wa kundi letu akiligusa, yaani wale waliokuwa wakilea wazee wenye ugonjwa wa kusahau miezi ile mpaka ulipofungwa. Tumechagua Masinya, kata iliyo wilaya ya Busia upande wa Uganda. Mwenzetu mmoja hapa Kiryandongo alikuwa na nyanya yake huko, na wengi wetu tulipita njia hiyo hiyo tukiwa watoto.

Kwa wasiojua, sisi ni watoto wa 2008. Baada ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, maelfu ya Wakenya walivuka Busia na Malaba wakikimbia fujo. Tuliwekwa kwanza mashuleni, kisha Mulanda, kambi ya muda katika wilaya ya Tororo, na mwaka huo huo tukaletwa Kiryandongo. Tulikuwa wadogo. Wengi tunakumbuka matope ya Mulanda na uji, basi.

Nyanya wa mwenzetu alizaliwa Masinya, Msamia kabisa. Akaolewa na mtu wa Kenya, wakaishi Eldoret zaidi ya miaka thelathini wakiuza mitumba. Mume wake alikuwa wa kabila lililokuwa likisakwa mwaka ule, kwa hiyo walitoka usiku na nguo walizovaa. Mzee hakukaa sana, alifariki mwaka uliofuata. Familia ilipoambiwa ipande magari ya kwenda Kiryandongo, nyanya alikataa. Alisema yeye hawezi kuwa mkimbizi kwenye nchi aliyozaliwa. Kaka yake akampa kipande cha shamba Masinya. Binti yake wa kwanza akabaki naye. Huyo tutamwita mama mkubwa, kwa sababu ndivyo mwenzetu anavyomwita. Binti wa mwisho, mama mdogo, alikuwa ameolewa Funyula, upande wa Kenya. Binti wa katikati ndiye mama yake mwenzetu, akaja huku na watoto kwa sababu ya shule na mgao.

Kusahau kulianza polepole. Chumvi mara mbili kwenye mboga. Kuku kuuzwa kwa watu wawili. Baadaye akaanza kumwita mama mkubwa kwa jina la dada yake aliyekufa zamani. Akawa anauliza mzee amechelewa wapi, na akiambiwa mzee alishafariki analia upya kama msiba umeingia leo. Kufikia 2019 jioni anafunga leso zake kwenye furushi na kusema, "Nataka kurudi nyumbani." Ukimwambia uko nyumbani anakuangalia kama mwongo. Na sisi tunaulizana, ni mwongo kweli? Madaktari wanaandika kwamba kutaka kurudi nyumbani ni dalili ya kawaida ya ugonjwa huu, hata kwa mtu ambaye hajawahi kuhama. Kwa mtu aliyekimbia, nyumba anayoitaka ilikuwepo na kuna watu waliichoma.

Tuseme kidogo kuhusu ugonjwa wenyewe, maana kijijini wengi wanasema ni uzee tu, au amerudi utotoni, au amerogwa. Kitaalamu unaitwa demensia. Ni jina la hali nyingi zinazoharibu ubongo, na iliyo ya kawaida zaidi ni Alzheimer, kwa jina la daktari Mjerumani Alois Alzheimer aliyeieleza mwaka 1906. Watu wengi wanamjua daktari tu. Mgonjwa wake alikuwa mwanamke wa miaka 51 aitwaye Auguste Deter, aliyeletwa hospitali ya Frankfurt Novemba 1901. Aliyemleta ni mume wake, karani wa reli, ambaye alijaribu kumtunza nyumbani mpaka akashindwa, kwa sababu mtu hawezi kwenda kazini na kumlinda mgonjwa asiyelala. Kwa hiyo tangu mwanzo wa historia ya ugonjwa huu kuna mlezi amechoka mlangoni. Sisi wa upande wa Tororo, ambako kila familia ina mtu aliyefanya kazi ya reli au malori, huyo karani tunamwelewa vizuri.

Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2021 kwamba watu zaidi ya milioni 55 wanaishi na demensia, wengi wao katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, na kwamba asilimia 70 ya saa za kuwalea zinatolewa na wanawake. Hakuna dawa ya kuuponya. Ndiyo maana tunasema dawa kubwa ni mlezi, na mlezi akianguka hakuna akiba.

Tukirudi mpakani. Mnajua mstari huu haukuchorwa na Wasamia. Mpaka wa Uganda zamani ulifika hadi Bonde la Ufa, karibu na Naivasha. Tarehe 1 Aprili 1902 Waingereza walihamisha jimbo lote la mashariki la Uganda likawa sehemu ya nchi ambayo leo ni Kenya, na mstari mpya ukapita katikati ya Wasamia, na kule Tororo na Malaba katikati ya Wateso. Ukoo mmoja ukawa na vitambulisho viwili. Lakini watu waliendelea kuvuka kwenda harusini, matangani, sokoni na kuwaona wazazi. Desemba 1987 askari wa nchi hizi mbili walipopigana risasi Busia, mpaka ulifungwa kwa siku chache, kisha maisha yakarudi. Februari 2018 Marais Kenyatta na Museveni walizindua kituo cha pamoja cha Busia ili kuvuka kuwe rahisi zaidi. Wazee wa Masinya walicheka, kwani wao walikuwa wakivuka siku zote.

Familia ya nyanya ilijengwa juu ya kuvuka huko. Kila Ijumaa ya pili mama mdogo alitoka Funyula, akapita Sofia, akafika Masinya jioni. Alikaa hadi Jumatatu. Siku hizo tatu mama mkubwa alikwenda kuuza omena soko la Busia na, jambo kubwa zaidi, alilala usiku mzima. Mama wa huku Kiryandongo alituma pesa kidogo kwa simu na kwenda Krismasi. Mjukuu wa kaka yake nyanya alichota maji. Hakuna aliyeita mpango huo jina lolote. Ilikuwa tu kwenda kumwona mama. Lakini ukihesabu utaona nyanya alikuwa analelewa na watu wanne katika nchi mbili, na swali la mama mkubwa kila simu lilikuwa lile lile: "Nani atakuja wiki hii?"

Tarehe 21 Machi 2020 Uganda ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona. Siku mbili baadaye mpaka ukawa umefungwa kwa abiria, malori ya mizigo tu yakaruhusiwa. Tarehe 25 magari ya abiria yakasimamishwa, na boda boda zikaambiwa zibebe mizigo, si watu. Tarehe 30 ikaja kafyu, kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na hata magari ya binafsi yakazuiwa. Ukiwa na mgonjwa ulipaswa kupata ruhusa ya mwakilishi wa Rais wilayani, yule tunayemwita RDC. Kenya nayo ilikuwa na kafyu yake tangu tarehe 27 Machi. Tulikuwa tukikusanyika kwenye redio moja, na kila hotuba ilipoisha tulihesabu siku zilizoongezwa.

Hatuandiki haya kusema amri zilikuwa za kijinga. Korona iliua wazee. Uingereza na Wales, kati ya Machi na Juni 2020, karibu robo ya waliokufa na korona walikuwa na demensia, wengi wao katika nyumba za kutunzia wazee ambako watoto wao waliwaangalia kupitia dirisha. Sisi huku hatuna nyumba hizo za kutosha hata kuzitaja. Mzee yuko kwa watoto wake. Kwa hiyo hatari haikupitia dirishani, ilikaa na mlezi kwenye kitanda kimoja.

Lakini angalia kafyu ile. Mtu mwenye demensia mara nyingi huzidiwa na wasiwasi giza likianza kuingia. Anatembea, anatafuta, anafungua milango. Kwetu karibu na ikweta jua huzama karibu saa moja. Yaani amri ya kila mtu kuwa ndani ilianza dakika zile zile nyanya anapochukua furushi lake kwenda Eldoret. Usiku mmoja wa Aprili alipita mlango wa nyuma na akakutwa barabarani na watu waliokuwa wakilinda zamu. Mmoja wao alimjua kaka yake, akamrudisha kwa mkono. Tangu siku hiyo mama mkubwa alifunga mlango kwa kufuli na kulala na ufunguo kifuani. Nyanya aligonga ule mlango mpaka usiku wa manane. Mama mkubwa alisema kitu ambacho mwenzetu hakutaka tukiandike, kisha akakubali. Alisema kuna usiku alimfunga mama yake mkono na mkono wake kwa leso ili akisimama amsikie, na asubuhi akaona alama kwenye ngozi ya mzee, akaenda nyuma ya choo kulia.

Barakoa nayo. Ni kitu kizuri, lakini nyanya alikuwa amebaki na nyuso tu, majina yalishakwenda. Ukifunika uso umemwondolea hata hicho. Kila aliyeingia na barakoa alikuwa mwizi. Kunawa mikono alikubali, tena alipenda. Alinawa mara kumi mfululizo na sabuni ikaisha.

Mei ilikuwa mbaya zaidi kwa upande ule. Madereva wa malori walipimwa mpakani, na foleni ya Malaba ikafika makumi ya kilomita ndani ya Kenya. Watu wa Busia na Tororo wakawa wanaogopwa, na wao wakamwogopa kila atokaye barabarani. Mwishoni mwa Mei na Juni sehemu nyingi za Uganda zikafunguliwa kidogo, magari yakarudi, hata sisi wa Kiryandongo tukapumua. Wilaya za mpakani, Busia ikiwemo, zikabaki zimefungwa. Mama wa mwenzetu alikuwa ameshafunga mfuko aende. Akaufungua.

Pesa pia ziliisha. Soko halikuwa na wateja wa Kenya, na omena haikusubiri. Kutoka huku kungekuja nini? Aprili 2020 mgao wa wakimbizi Uganda ulipunguzwa kwa asilimia 30, na Februari 2021 ukashuka tena hadi asilimia 60 ya kile kinachostahili. Serikali ziliwakumbuka wazee kwa njia yake. Kenya ina Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi kwa waliofikisha miaka 70. Uganda ina SAGE, shilingi 25,000 kwa mwezi, na ndiyo kwanza ilikuwa ikienezwa nchi nzima kwa waliofikisha miaka 80. Zote zinahitaji kitambulisho. Cha nyanya kilikuwa cha Kenya na kiliungua Eldoret. Uganda alikozaliwa hakuwa kwenye karatasi. Mtu mmoja, nchi mbili, na posho hakuna hata moja.

Hapa ndipo historia inatukasirisha kidogo. Kwa sababu sehemu hii hii ya nchi ilishajua namna ya kumfuata mgonjwa hadi mlangoni kwake.

Rudi nyuma kabisa kwanza. Kati ya 1900 na 1920 malale iliua zaidi ya watu laki mbili kuzunguka pwani ya kaskazini ya Ziwa Victoria, hasa Busoga. Malale ikifika mwisho huharibu akili. Mgonjwa hulala mchana, huzurura usiku, hawajui watu wake. Dawa ya serikali ya mkoloni wakati huo ilikuwa kuhamisha watu kutoka mwambao kwa amri, na anayemlea mgonjwa hakuulizwa. Baadaye Tororo ikawa na kituo kikubwa cha utafiti wa malale cha Afrika Mashariki. Mbung'o na ng'ombe walichunguzwa vizuri sana.

Kisha ukaja ukimwi, na safari hii mambo yalikuwa tofauti. TASO ilianzishwa mwaka 1987 na Noerine Kaleeba na wenzake, watu ambao wengi wao walikuwa na mgonjwa nyumbani au walikuwa wagonjwa wenyewe. Yaani walezi ndio waliolianzisha. TASO ikafungua kituo Tororo. Na kuanzia 2003 kulikuwa na mradi wa dawa nyumbani uliohudumia vijiji vya Tororo na Busia, kazi ya TASO na wanasayansi wa Marekani wa CDC. Karibu watu wazima elfu moja walipewa dawa za kurefusha maisha bila kulazimika kwenda kliniki kila mara. Vijana waliofundishwa, ambao si madaktari wala wauguzi, walipanda pikipiki na kufika kwa kila mgonjwa kila wiki. Walileta dawa, wakauliza maswali yale yale yaliyoandikwa, na kama jibu ni baya wakampeleka mtu hospitali. Kila mgonjwa alikuwa na mwenza wa dawa, mara nyingi mtu wa nyumbani, naye alifundishwa. Ulimwengu ulikuwa bado unabishana kama Waafrika wa vijijini wanaweza kumeza dawa hizo kwa saa. Tororo ikaonyesha kwamba wanaweza, na mfano huo ukasomwa mbali.

Sasa fikiria mwaka 2020. Vijiji ni vile vile, na barabara zile zile za udongo mwekundu. Wahudumu wa afya wa kijiji, VHT, wapo tangu miaka ya 2000. Pikipiki zimejaa zimekaa bila abiria! Kilichokosekana ni orodha. Mgonjwa wa ukimwi alikuwa na jina kwenye daftari la kliniki. Mzee anayesahau hakuwa kwenye daftari lolote, kwa sababu familia haikumpeleka popote, kwa sababu walisema ni uzee. Na mlezi wake ndiyo kabisa, yeye hata si mgonjwa. Huwezi kumtembelea mtu ambaye hujui yupo.

Kenya ilikuwa imeanza kidogo. Ilikuwa moja ya nchi saba za utafiti wa STRiDE ulioanza 2018 kuangalia jinsi familia zinavyoishi na demensia, na kuna chama, Alzheimer's and Dementia Organization Kenya, kilichoanzishwa na Elizabeth Mutunga ambaye baba yake aliugua. Tena mlezi, mnaona? Shirika la Afya Duniani nalo lilikuwa limetoa mafunzo ya walezi yanayoitwa iSupport mwaka 2019, ya kusoma kwenye intaneti. Mazuri, tumeyasoma. Lakini mama mkubwa ana simu ya kabambe, na wakati huo Uganda ili ufungue WhatsApp ulilipa kwanza kodi ya shilingi 200 kwa siku.

Sasa tuseme tulichofanya sisi, na tulipokosea. Tulikuwa kumi na moja. Kila mmoja alitoa shilingi 1,000 kwa wiki ya salio, na kila Alhamisi mmoja alimpigia mama mkubwa. Wiki za kwanza tulijifanya walimu. Tulimsomea: usimbishie, mpe maswali mafupi, mpangie siku iwe na ratiba. Alisikiliza wiki mbili. Ya tatu akasema, "Nyinyi watoto mnanifundisha kumlea mama yangu? Sawa. Nani atamshika nikienda choo?" Akakata simu.

Tulikaa kimya siku kadhaa, tumeaibika. Kisha dada mmoja wa kundi akampigia, akaomba msamaha, akauliza swali moja tu: saa ngapi ya siku ndiyo ngumu kuliko zote? Jibu lilikuwa kati ya saa kumi na moja na saa moja jioni. Hakutaka mafunzo, hakutaka hata pesa kwanza. Alitaka mtu wa saa mbili.

Huyo mtu alikuwa karibu. Mjukuu wa kaka yake nyanya, yule wa kuchota maji, alikuwa na miaka kumi na nne, darasa la saba, na shule imefungwa. Tukaongea na babu yake. Tukamtumia pesa kidogo za sabuni na madaftari. Kila saa kumi na moja alikuja, akambebea nyanya furushi, akasema, "Shosho, twende Eldoret." Wakazunguka shamba, wakafika kwenye mwembe wa mwisho, wakakaa, wakala kitu, wakarudi. Kufika mlangoni nyanya amechoka na anaona amefika safari. Si kila siku ilifaa. Kuna siku alimpiga kijana na fimbo. Lakini mama mkubwa alipata saa mbili za kupika, kuoga na kunyamaza. Mwenyekiti wa LC1 naye aliambiwa habari ya nyanya waziwazi, na namba ya simu ikashonwa kwenye pindo la leso, ili anayemkuta asiulize maswali asiyoweza kujibu.

Kuambia watu waziwazi hakukuwa rahisi. Familia iliogopa neno uchawi. Tunajua yaliyotokea Kisii mwaka 2008, watu kumi na mmoja walichomwa kwa tuhuma hiyo, na Kilifi wazee wameuawa miaka mingi kwa sababu hiyo hiyo. Mwanamke mzee anayezurura usiku akiongea peke yake yuko hatarini kwa majirani kabla hajawa hatarini kwa korona. Mwenyekiti alipolieleza kama ugonjwa, kwenye mazishi ya watu wachache, maneno yalipungua. Hayakuisha.

Julai mama mdogo alivuka kwa njia ya panya. Hatutasema wapi. Alikuwa hajamwona mama yake miezi minne. Majirani wengine walitaka aripotiwe. Mwenyekiti akaamua boma lote lijifungie siku kumi na nne, maji na unga viachwe kwenye kijiti cha lango. Sisi huku tulibishana karibu kuvunja kundi. Wengine walisema alihatarisha nyanya na kijiji kizima, na kama kila mtu angefanya hivyo mpaka ungekuwa na maana gani. Wengine walisema mama mkubwa alikuwa amefika mahali ambapo yeye mwenyewe alikuwa hatari kwa nyanya. Hakuna aliyeugua, lakini hiyo haithibitishi kitu, ilikuwa bahati. Mpaka leo hatujakubaliana. Tunachojua ni kwamba siku ya kwanza mama mkubwa alilala saa kumi na sita, na mama mdogo alifikiri amekufa.

Tarehe 15 Oktoba 2020 madarasa ya watahiniwa yalirudi shuleni, na kijana wetu alikuwa mtahiniwa. Tulifurahi na tukaumia. Saa mbili za jioni zikaondoka naye. Madarasa mengine yaliendelea kukaa nyumbani, na shule zote za Uganda zilifunguliwa kikamilifu Januari 2022 tu, karibu miaka miwili. Kumbukeni hilo mnapohesabu waliolea wazee wakati ule. Wengi walikuwa watoto, hasa wasichana, na wengine walipozoeleka kwenye kazi hiyo hawakurudishwa darasani. Zamu ya jioni ilichukuliwa na binti wa jirani, miaka kumi na mmoja. Tulimlipa sabuni na madaftari kama yule wa kwanza, na tunakiri hatukuuliza kwa nguvu masomo yake yanakwendaje.

Mpaka ulifunguliwa kwa masharti kuanzia Oktoba, na cheti cha kupimwa kilihitajika, ghali kuliko faida ya omena ya wiki nyingi. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa siku kadhaa, na simu zetu za Alhamisi tukapiga kwa laini ya kawaida mpaka salio likaisha. Juni tukafungwa tena siku 42. Mara hii tulikuwa na orodha yetu ndogo kabla ya amri kutoka: nani yuko karibu, saa ngumu ni ipi, nani ana ufunguo wa pili.

Nyanya alifariki mwaka 2022, nyumbani, si kwa korona. Mama mdogo alikuwepo. Mama mkubwa sasa ana shida ya presha, na anasema bado anaamka usiku kusikiliza mlango.

Simu za Alhamisi hazikuisha. Sasa tunapigia walezi wanne, wawili wako hapa hapa Kiryandongo. Mmoja anamlea baba yake kutoka Sudan Kusini ambaye kila jioni anauliza ng'ombe wamerudi au bado, na watoto wamefundishwa kumjibu kwamba wamerudi, wote. Kwa wafanyakazi wa mashirika mnaosoma, mkija kuandikisha kaya, tunaomba muongeze swali moja kwenye fomu zenu: kuna mtu hapa anayelinda mzee usiku, na nani humpokea zamu? Na wewe kijana mwenzetu, kama mtu huyo ni mama yako au ni wewe, tutumie ujumbe utuambie saa yako ngumu ni ipi. Usituandikie habari za mgonjwa kwanza. Tuandikie zako.